Daftari la Homa

Mtu wa kwanza niliyemzuia mlangoni alikuwa shangazi yangu. Alikuja kwetu Wete, Pemba, kutoka Konde kwa gari ya asubuhi, kikapu mkononi: mayai ya kienyeji, chupa ya asali, ndizi mbivu, na kidumu cha maji ya zamzam alichokitunza tangu arudi Hija. Kaka yangu alikuwa ndani, hatua kumi kutoka pale tulipo. Ilikuwa siku ya 157 tangu apandikizwe uboho, na shangazi hajamtia machoni mwaka mzima.

"Shikamoo shangazi. Kaa hapa barazani kwanza."

"Marahaba. Barazani?" Akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Tokea lini mie mgeni nyumba hii?"

Nikamwambia kwamba akishanawa mikono na kuvaa barakoa atamuona kaka dirishani. Hakujibu. Aliweka kikapu chini, akajifunga buibui lake vizuri, akaenda zake kungojea gari ya kurudi. Mama alininunia siku nne.

Kwetu mgonjwa hazuiliwi watu. Ukizuia watu, majirani watasema mgonjwa kafungiwa, au pana jambo linafichwa. Na huruma ya Kipemba inakwenda kwa mkono: unamshika mgonjwa kipaji, unamkanda miguu, unamtia tonge mdomoni. Mie ndiye niliyerudi kutoka India na karatasi mbili zilizoandikwa kwamba mkono huo huo ndio njia kubwa ya vijidudu. Huwezi kulisema hilo kwa mtu aliyekulea ukabaki na adabu. Nilijaribu njia nyingi, nitazieleza, nyengine zilifaa na nyengine hazikufaa. Lakini jambo lililokaribia kumuua kaka halikuingia kwa mlango niliokuwa nikiulinda.

Nianzie nyuma kidogo. Mwaka 2022 kaka, fundi seremala, alianza kutokwa na damu kwenye fizi na kupata mabaka meusi mwilini bila ya kujigonga. Baada ya safari nyingi tuliambiwa uboho wake umegoma: ule ute ulio ndani ya mifupa, unaotengeneza damu, umeacha kazi. Chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe za kugandisha damu zote zilikuwa zinashuka. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kulingana kikamilifu na mwenzake. Tuko watano. Niliyelingana ni mie, mdogo wa wote.

Tulikwenda Chennai mwaka 2023. Kabla ya lolote, daktari alimuuliza kaka suali lililomchekesha: utotoni ulikuwa ukitembea peku? Nani Pemba hakutembea peku? Akaeleza kuna mnyoo mdogo unaitwa strongiloidesi. Unaingia kwa ngozi ya nyayo, na unaweza kukaa mwilini miaka mingi bila mwenyewe kujua, kwa sababu unazaliana humo humo. Kinga ya mtu ikishazimwa, lava wake wanatoboa utumbo na kutawanyika, na wanabeba bakteria wa choo hadi kwenye damu. Mtu anaweza kufa kwa mnyoo aliookota akiwa na miaka saba. Basi akapewa ivermektini kwa tahadhari. Nilipokiona kidonge nilikikumbuka: ndicho kile tulichogaiwa, pamoja na albendazoli, kampeni ya matende ilipoanza Zanzibar mwaka 2001. Sie minyoo si hadithi za mbali. Pale Wawi tuna maabara ya Ivo de Carneri tangu mwaka 2000, na minyoo na kichocho ni katika kazi zake kubwa. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba mchanga wa uwanja wa skuli ungetufuata mpaka Chennai.

Walimpima pia kifua kikuu, homa ya ini aina ya B, Ukimwi na malaria. Jino moja lililooza likang'olewa. Na siwaki yake, ile ya mti aliyozoea kila Sala, ikachukuliwa na muuguzi kwa upole. Fizi zikichubuka wakati kinga iko chini, mdomo unakuwa mlango. Akapewa mswaki laini na maji ya chumvi ya kusukutulia mara nne kwa siku.

Siku ya kupandikizwa inaitwa siku ya sifuri. Mie nililazwa usingizi wakachota uboho kwenye mifupa ya nyonga yangu. Yeye akaupokea kama mtu anayeongezwa damu, kupitia mpira uliotiwa kifuani. Watu hudhani hiyo ndiyo siku kubwa. Haina kishindo chochote. Shughuli inaanza baadaye, kwa sababu dawa zimeshafuta kinga ya zamani na mbegu mpya bado haijashika. Kwa kiasi cha wiki tatu mtu anakaa hana askari hata mmoja.

Askari ninaowasema ni chembe nyeupe zinazoitwa neutrofili. Zikishuka chini ya 500 kwa mikrolita moja ya damu, ni hatari. Za kaka zilishuka chini ya 100. Chumba chake kilikuwa na kichujio cha hewa, maua hayaingii, matunda hayaingii ila tuyamenye wenyewe, na kila anayekuja ananawa hadi viwiko. Nikapewa kipimajoto. Nikanunua daftari la kawaida la skuli, nikapiga mistari: tarehe, saa, joto. Kipimo kilikuwa hiki: 38.3 mara moja tu, au 38.0 ikikaa saa nzima, bonyeza kengele. Usingoje kuona itakuwaje.

Siku ya 9, saa tisa usiku, 38.6. Nikabonyeza.

Nilichokiona saa ile sijakisahau. Hawakuuliza kwanza ni ugonjwa gani. Walichukua damu ya kuotesha vijidudu, chupa kutoka kwenye mpira na chupa kutoka mkononi, na kabla ya dakika arubaini antibiotiki kali ilikuwa ikiingia mshipani. Majibu ya kuotesha huchukua siku. Mgonjwa wa namna hii hana siku. Lengo lao ni ndani ya saa moja tangu homa ionekane.

Asubuhi daktari akamkagua kila mahali, akamuuliza pale ambapo kaka alikuwa ameficha. Siku mbili nzima alikuwa na maumivu makali akienda haja kubwa. Hakumwambia mtu. Wauguzi ni wanawake, mie dada yake nimekaa pale pale, angeanzia wapi? Na alipojitazama hakuona kitu: hapana jipu, hapana usaha, hapana uvimbe. Daktari akatufundisha somo ambalo nimelirudia kwa watu wengi tangu siku ile. Usaha ni chembe nyeupe zilizokufa vitani. Asiye na chembe nyeupe hatoi usaha. Kidonda hakivimbi, kifua kinaweza kuwa na maradhi na picha ikatoka safi. Dalili zote tunazozijua sisi za "pameharibika" zinatengenezwa na kinga yenyewe. Kinga ikiwa haipo, inayobaki kusema ni homa na maumivu. Kaka aliyanyamazisha maumivu kwa aibu. Tulibaki na homa peke yake.

Damu iliotesha klebsiela, bakteria wa kawaida wa utumbo, lakini huyu alikuwa sugu kwa dawa tatu za mwanzo. Wakabadilisha. Siku nne zilizofuata sitaziandika. Siku ya 21 neutrofili zilikuwa zimevuka 500 kwa siku tatu mfululizo, na muuguzi mmoja aliingia akicheza.

Tangu siku ile nikamwekea kaka utaratibu: ana daktari mwanamume wa kumwambia mambo ya chini, na kama hayupo anaandika kwenye karatasi. Nina hakika wanaume wengi wa kwetu wangefia kwenye jambo hili kuliko kulitamka.

Tulikaa Chennai kwenye chumba cha kukodi hadi siku ya 110. Kila wiki damu ilipimwa kirusi kinachoitwa saitomegalo, CMV kwa kifupi. Hiki karibu sote Afrika tunakipata utotoni na kinalala ndani ya mwili maisha yote. Kaka alikuwa nacho, mie pia nilikuwa nacho. Siku ya 41 kipimo kikaonesha kimeamka, kaka mwenyewe hana habari, anakula biriani. Dawa ikaanza pale pale, kabla hakijagusa mapafu wala utumbo. Wakingoja dalili huwa wamechelewa. Dawa hiyo ya kukilaza, valgansikloviri, ina kero yake: inateremsha tena zile chembe nyeupe ulizozisubiri kwa roho juu. Akachomwa sindano za kuzipandisha. Ndivyo inavyokwenda, unaziba huku panavuja kule.

Turudi nyumbani. Mwezi na nusu wa kwanza tulikaa Unguja kwa jamaa, karibu na mahala pa kupimia damu na karibu na hospitali, nikiwapelekea madaktari majibu kwa simu. Dawa zilikuwa rundo: siklosporini ya kuzuia mbegu yangu isimshambulie yeye, asikloviri ya kuzuia mkanda wa jeshi, kotrimoksazoli ya kukinga mapafu, hii ambayo wengi tunaijua kwa jina la Septrin. Ningeng'ang'ania Unguja hadi mwaka utimie. Lakini mama alikuwa akilia kwenye simu kila jioni, na kaka alishachoka kuishi ukumbini kwa watu. Tukapanda ndege hadi Chake Chake, tukaingia Wete mwezi wa sita tangu kupandikizwa. Msimu wa karafuu ulikuwa umeanza.

Kuhusu wageni, siku nne za mama kununa zilinifundisha kwamba nisimtoe mtu barazani kabla sijamwekea pa kukaa. Nikatoa viti chini ya mshelisheli mbele ya dirisha la kaka. Nikaweka ndoo yenye bomba na sabuni ya mche. Atakaye kumuona atakaa pale, dirisha wazi, watazungumza mpaka wachoke. Mwenye mafua au mtoto mwenye vipele harudishwi, anaambiwa apige simu. Tena nikagundua watu hawataki kuja mikono mitupu, na ukiwakatalia chakula unawakatalia mapenzi. Basi nikawa naagiza mie mwenyewe: mletee machungwa, mletee ndizi, mletee madafu mazima hayajakatwa. Kitu chenye ganda lake, nitakachokiosha na kukimenya mwenyewe. Kachumbari, urojo wa barabarani, juisi ya miwa, maziwa mabichi, mayai yasiyoiva sawa, vyote vilikaa nje. Pweza sawa, akiwa ametoka jikoni kwetu na moshi wake. Asali ya shangazi niliiweka kabatini, ilingoja.

Kombe ndilo lililonitia hofu zaidi. Mama alitaka kaka anywe kombe, na mie sikuthubutu kusema hapana: ni aya za Qur-ani zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikakoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Lakini maji ya kisima gani, sahani ya nani, zafarani imekaa wapi? Nilikwenda kwa maalim mwenyewe, nimejiandaa kwa mabishano. Alinisikiliza akiwa anakata kucha. "Maji unayompa wewe yapoje?" Yamechemshwa, yako kwenye chupa iliyofungwa. "Basi lete chupa. Nitasoma ikiwa imefungwa. Maneno hayahitaji kufunuliwa kizibo." Kisha akanambia niwaambie watu kwamba dini imekataza kudhuru na kudhuriana, na kwamba kumzuru mgonjwa dirishani kunahesabiwa. Laiti ningeanza kwake wiki mbili kabla.

Dada yangu wa pili alikuwa na mtoto mchanga nyumba ile. Chanjo ya matone ya polio wanayopewa watoto ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na mtoto hukitoa kwa choo kwa wiki kadhaa. Kwa mtu mzima wa afya si kitu. Kwa kaka ilikuwa ni jambo la kuepuka, na ile ya rota, ya kuharisha, vilevile. Isieleweke vibaya: mtoto alichanjwa zote, kwa wakati wake, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Aliyehama ni dada, akenda kwa mama mkwe wake. Mie nilishachanjwa mafua Chennai kabla ya kupanda ndege, maana mlezi naye ni mlango.

Kote huko nilikuwa macho. Sikuwa macho kwa chumba cha pili.

Chumba kilichopakana na cha kaka ndicho tulichowekea karafuu tangu zama za babu. Mwaka ule mvua iliwahi, majamvi yakawa yanaanikwa na kuanuliwa mara tatu kwa siku, na karafuu ambazo hazikukauka zikarundikwa ndani zikaanza kuvunda, kugeuka mpeta. Usiku watu wanakaa ukumbini kuchambua, wanatenga makonyo, vumbi linaelea kwenye taa. Nimezaliwa ndani ya harufu ile. Kwangu ni harufu ya pesa ya ada na nguo za sikukuu. Katika karatasi zangu mbili ilikuwepo sentensi iliyosema aepuke vumbi, ukungu, ujenzi na nafaka zilizohifadhiwa. Nilimkataza kwenda kwenye karakana yake kwa sababu ya vumbi la mbao. Nilimkataza mama asifukize udi. Karafuu haikunijia akilini hata siku moja, kwa sababu haikuandikwa karafuu.

Wiki ya tatu akaanza kukohoa, kikohozi kikavu, kidogo tu. Nikaendelea kupima joto, asubuhi na baada ya Isha. Daftari linasema: 37.2, 37.4, 37.1, 37.3. Nikatulia. Nikampeleka kituo kimoja cha afya, wakapiga picha ya kifua, ikatoka safi, tukaambiwa turudi Jumatatu ikiwa hajapata nafuu. Barua niliyopewa India, iliyoandika kwa Kiingereza na Kiswahili kwamba mtu huyu akiwa na homa apewe dawa ya mshipa ndani ya saa moja, niliibakisha mfukoni. Homa iko wapi?

Siku ya nane tangu kikohozi kianze, nikamkuta kaka anatia kidonge mdomoni baada ya Magharibi.

"Nini hicho?"

"Parasetamoli. Kanipa ami. Mwili unaniuma."

"Tokea lini?"

"Ee... wiki."

Ami yetu ana duka la dawa na moyo mpana. Alimuona kijana wake ananyong'onyea, akampa kile ambacho angempa yeyote, mara tatu kwa siku, akale na chai. Kaka alikuwa akimeza Magharibi na mie nikimpima baada ya Isha. Zile nambari nzuri zote za daftari zilikuwa za kidonge, si za kaka. Usiku ule hakumeza. Saa sita alikuwa na 38.9, anatetemeka mpaka kitanda kinalia.

Nimejiuliza sana nani mwenye kosa. Ami hakuambiwa na mtu. Kaka alidhani parasetamoli si dawa, kwa sababu hata kwetu nani huihesabu? Mie nilimpa kila mtu masharti ya mikono na chakula, sikumwambia yeyote kwamba homa ya mtu huyu haishushwi kabla haijaonekana na daktari. Nililinda milango yote isipokuwa ule wa kengele.

Ami alifunga duka usiku ule ule akatupeleka hospitalini kwa gari yake, na safari hii barua niliitoa. Muuguzi wa zamu aliisoma mara mbili, akaita daktari, na dawa ikaingia mshipani. Asubuhi tukapanda ndege kwenda Unguja. CT skani ikaonesha kile ambacho picha ya kawaida haikukiona: doa kwenye pafu la kulia, limezungukwa na kivuli kama wingu. Kwa mtu kama huyu, doa la namna ile na homa isiyosikia antibiotiki humfanya daktari afikirie kuvu, na hasa aspajilasi. Mbegu zake zinaelea kila mahali penye kitu kinachooza au kuvunda. Mie na wewe tunazivuta kila siku na mapafu yanazisafisha. Hakuna aliyenambia kwa hakika kwamba zilitoka kwenye mpeta wetu. Hakuna aliyenambia pia kwamba hazikutoka huko.

Vorikonazoli, dawa ya kuvu, ilianza siku ile. Dawa hiyo inagombana na siklosporini: zikikutana mwilini, siklosporini inapanda kwenye damu, kwa hiyo dozi yake ilikatwa nusu na damu ikapimwa mara kwa mara. Hata hivyo mikono ilimtetemeka wiki nzima, kikombe hakishikiki. Siku za mwanzo alikuwa akiona taa zina rangi pembeni, zambarau na kijani, akidhani anarukwa na akili. Ni dawa. Ngozi nayo ikawa haistahamili jua, na jua la kwetu unalijua. Alitembea na mwavuli wa mama, wa maua, na watoto wa mtaa hawakumuacha salama. Dawa ilikwenda miezi minne, hadi doa likabaki kovu.

Karafuu zilihamia kwa jirani. Mama ndiye aliyezihamisha, nilipokuwa bado Unguja na kaka, na aliporudi kaka chumba kile kilikuwa kimepakwa chokaa na kukaushwa wiki mbili kabla. Hatukulizungumza jambo hilo. Shangazi alikuja tena Idi, akanawa, akavaa barakoa, akakaa chini ya mshelisheli saa tatu akimsengenya kila mtu wa Konde. Alipoondoka nikamrudishia chupa yake ya asali akaitumie mwenyewe, akacheka.

Kwenye daftari nikaongeza mstari mmoja. Baada ya tarehe, saa na joto, kuna safu ya nne: amekunywa nini.

Siku hizi nchi yetu inapandikiza uboho: Muhimbili inafanya, na Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, wanawapandikiza watoto wenye selimundu. Maana yake watarudi wengi visiwani, kwenye nyumba zenye karafuu, mbata, njiwa darini na ami mwenye duka. Wanaoniuliza huanza na chakula, kila mara. Mie huanza na safu ya nne.

Kinga mpya haikumbuki chanjo za zamani. Kaka alianza upya kuanzia mwezi wa sita, ingawa kuvu lilizichelewesha kidogo: nimonia, pepopunda, homa ya ini, polio ya sindano. Chanjo zenye kirusi hai zinangoja miaka miwili, na mpaka dawa za kushusha kinga ziwe zimeachwa. Siklosporini aliiacha mwezi wa kumi na tatu. Miaka miwili na wiki mbili baada ya siku ya sifuri, daktari akasema achanjwe surua na rubela.

Tulikwenda kliniki ya watoto. Foleni yote ni mama na vichanga, na katikati yao seremala mwenye ndevu.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza muuguzi bila ya kuinua kichwa.

"Ndiye mie."

Kliniki nzima ilicheka. Kadi iliyokuwepo ni ya watoto tu, yenye mchoro wa kukua, na muuguzi akasema sheria ni sheria, akampandisha kwenye mizani. Kilo 61. Mchoro uliishia mbali sana kabla ya hapo, akaandika pembeni. Kichanga kimoja kilichokwishachomwa kilinyamaza kulia, kikamtazama kaka anavyokunja mkono wa shati.

Jioni, kwa mazoea, nilimpima. 36.9.

"Umekunywa nini leo?"

"Maji. Na chai ya maziwa kwa ami."

"Chai tu?"

"Chai tu, wallahi."

Nikaandika.